Je, kila kazi ya ubongo ina chumba chake?

Mjomba wangu alipopata kiharusi, neno la kwanza nililoliona likimgomea lilikuwa "maji". Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, glasi iko hatua mbili tu kutoka alipolala. Aliikazia macho, midomo ikajipanga, mishipa ya shingo ikamtoka. "Ma... ma..." Akanyamaza, akalipiga godoro ngumi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pembeni yake kama si wake. Wiki hiyohiyo mgeni mmoja aliyekuja kumjulia hali akaanza kuimba taratibu wimbo wa zamani anaoupenda mjomba, naye akaudaka. Aliimba ubeti mzima, kila neno mahali pake. Walipomaliza tukamuuliza anataka nini. "Ma... ma..."

Waliokuwepo walisema ni muujiza. Mimi swali lilinikaa kichwani: kama kiharusi kimeua sehemu ya ubongo inayoshika usemi, maneno ya wimbo yametoka wapi? Na kama hayajafa, mbona hayatoki anapoyahitaji?

Wataalamu wamelibishania swali la aina hii kwa zaidi ya miaka 200. Wapo wanaouona ubongo kama nyumba ya vyumba: kuona kuna chumba chake, kusema chake, kukumbuka chake, na chumba kikiungua basi kazi yake imekwenda. Wapo wanaosema hapana, ubongo hufanya kazi kwa umoja wake, na sehemu moja ikilemewa nyingine huweza kubeba mzigo. Ubishi huu hauishii maabara. Unafika hadi kitandani kwa mgonjwa. Kwa mjomba nilimsikia mmoja akisema "sehemu ile imeshakufa, mzoeeni hivyo hivyo", na mwingine akisema "ubongo hujijenga upya, ni yeye tu kujitahidi". Kauli zote mbili zilitolewa kwa nia njema, na zote mbili zilimuumiza.

Hoja ya vyumba ilianza vibaya. Franz Joseph Gall, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Vienna na baadaye Paris, aliorodhesha vipaji na tabia 27, akadai kila kimoja kina kiungo chake ndani ya ubongo, na kwamba kiungo kikikua hulisukuma fuvu likatokeza. Kwa hiyo ukimpapasa mtu kichwa ungejua kama ana kipaji cha ushairi au mkono mwepesi. Kupapasa mafuvu kulikuwa upuuzi. Hata hivyo, ndani yake lilikuwamo wazo moja lililokuja kusimama kwa miguu yake: kwamba ubongo haufanyi kila kitu kila mahali.

Aliyelisimamisha ni daktari Mfaransa, Paul Broca. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka 20 na zaidi alikuwa na silabi moja tu kinywani: "tan". Alielewa anayoambiwa, akajibu kwa ishara na kwa kupandisha na kushusha sauti, lakini neno lilikuwa hilohilo, isipokuwa akighadhibika sana, ambapo kiapo kizima kilimtoka bila kukwama. (Nilipoisoma habari hiyo ya kiapo nilimkumbuka mjomba na wimbo wake.) Leborgne alifariki siku chache baadaye. Broca alipofungua fuvu alikuta sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, karibu na panja, ina shimo la kuingia yai la kuku. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza aina nyingine ya ugonjwa: wagonjwa walioumia nyuma kidogo, maeneo ya juu ya sikio la kushoto, ambao maneno huwatoka kama mvua lakini hayana maana, na wanachoambiwa hawakielewi vizuri. Kutamka kuna mahali pake na kuelewa kuna mahali pake. Ndivyo ilivyoonekana.

Ushahidi ukaongezeka. Mwaka 1870, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa kwa umeme hafifu sehemu fulani za gamba, yaani tabaka la juu, la ubongo wa mbwa, na miguu ya upande wa pili wa mwili ikacheza. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Montreal, alifanya hivyo kwa binadamu waliokuwa macho wakati wa upasuaji wa kifafa. Hilo linawezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu. Akachora ramani ya mwili juu ya gamba la ubongo, ambamo vidole na midomo vimejinyakulia eneo kubwa kuliko mgongo mzima.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji na William Scoville ili kutuliza kifafa kilichokuwa kimemharibia maisha. Aliondolewa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, usawa wa masikio, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ndani ya ubongo kinachosaidia kuweka kumbukumbu. Kifafa kilipungua. Kuanzia siku ile mpaka alipofariki mwaka 2008, hakuweza kuweka kumbukumbu mpya ya matukio ya maisha yake. Ungezungumza naye, ukatoka, ukarudi, naye angekupokea kama mgeni. Ndipo mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ndogo: kuchora kwa penseli katikati ya mistari miwili ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya kwanza penseli ilikwenda kombo, kama inavyomtokea kila mtu. Siku ya tatu alichora vizuri, na hakukumbuka kuwa amewahi kuiona kazi hiyo. Akili yake haikujua, ila mkono ulikuwa umejifunza. Kumbe hata tunachokiita kumbukumbu si kitu kimoja, kuna inayokaa huku na inayokaa kule. Ukitaka ushahidi mzito wa hoja ya vyumba, ni huu.

Upande wa pili nao una mashahidi wake. Miaka ya 1820 Pierre Flourens aliondoa vipande vya ubongo wa njiwa na sungura, akakubali kwamba ubongo mdogo wa kisogoni huratibu mwendo na kwamba shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, hushika pumzi, lakini kuhusu ubongo mkubwa wa juu alishikilia kuwa hufanya kazi kama kitu kimoja. Karne moja baadaye Karl Lashley aliwafundisha panya njia za kupita kwenye vichochoro, akawakata gamba la ubongo mahali mbalimbali, akaona makosa yao yanafuata ukubwa wa kipande kilichokatwa kuliko mahali kilipotoka. Mimi sioni kama majaribio ya Lashley yana uzito ambao wengi huyapa. Panya akipita kichochoroni hutumia macho, masharubu, pua na miguu kwa pamoja. Ukimnyima kimoja atapapasa kwa kingine. Kazi yenyewe ilikuwa na njia nyingi mno za kuifikia kuweza kukuambia iko chumba gani.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja kwa watu wasioona. Sehemu ya kisogoni ndiyo inayopokea habari za macho, na kwa aliyezaliwa kipofu ungetegemea ikae bure. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa kwa waliopofuka mapema eneo hilo huamka wanaposoma nukta nundu (Braille) kwa vidole. Mwaka uliofuata likaja jaribio la kulivuruga eneo hilo kwa muda mfupi kwa nguvu za sumaku: wasomaji wasioona wakaanza kukosea herufi walizozigusa. Na mwaka 2000 ikaandikwa habari ya mwanamke aliyezaliwa kipofu, msomaji hodari wa nukta nundu, aliyepata kiharusi kisogoni pande zote mbili. Vidole vyake bado vilihisi nukta. Kusoma kukamtoka. Chumba cha kuona kilikuwa kimegeuzwa chumba cha kusoma kwa vidole, na mwenyewe hakujua mpaka kilipoharibika.

Tazama pia watoto wanaotolewa au kutengwa nusu nzima ya ubongo kwa sababu ya kifafa kisichosikia dawa. Wengi hutembea tena, na wengi huzungumza hata kama nusu iliyokwenda ni ya kushoto. Waumini wa ubongo unaojijenga upya hupenda kuishia hapo. Mimi naomba waendelee mistari miwili zaidi. Watoto haohao hubaki na mkono wa upande wa pili usioweza kazi za vidole, na hupoteza nusu ya eneo la kuona kwa kila jicho, na hilo halirudi. Kwa nini lugha huhama na vidole havihami?

Jibu lake, kwa maoni yangu, ndilo linalopatanisha nusu ya ubishi. Vidole vinaendeshwa na nyuzi za neva zinazotoka kwenye gamba la ubongo, zikashuka hadi shina la ubongo, nyingi zikavuka upande wa pili, kisha zikateremka ndani ya uti wa mgongo. Ni njia moja yenye mlango mmoja. Macho nayo yana mlango wao. Pale ambapo ubongo unaungana na mwili kwa nyaya maalumu, mahali ni mahali, na hakuna chumba cha jirani chenye waya wa akiba. Lakini kadiri unavyosogea mbali na milango hiyo, kuelekea kazi zinazohitaji maeneo mengi kuongea yenyewe kwa yenyewe, ndivyo kazi inavyokuwa safari kuliko chumba. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva takriban bilioni 86, na seli moja huweza kuunganishwa na nyingine kwa maelfu. Usemi ni safari ndani ya mtandao huo, na safari hukatika kwenye daraja lolote.

Ndiyo maana naisoma kwa tahadhari hata habari ya Leborgne. Ubongo wake ulihifadhiwa Paris bila kukatwa, na mwaka 2007 watafiti walichapisha picha zake za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani bila kukata. Uharibifu ulikuwa umezama ndani sana, hadi kwenye nyuzi zinazounganisha mbele na nyuma, kuliko Broca alivyoweza kuona kwa juu. Ukikata waya na taa ikazima, huwezi kusema mwanga ulikuwa unakaa kwenye waya. Picha za rangi za siku hizi, za ubongo ukiwa kazini, nazo zina kasoro ya upande wa pili: zinaonyesha eneo linaloshughulika, hazionyeshi kama kazi isingefanyika bila eneo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo madaktari hulijua lakini familia haziambiwi. Kiharusi hakifuati vyumba. Kinafuata mabomba. Mkono wa kulia wa mjomba na usemi wake vilikwenda pamoja kwa sababu maeneo yake ya upande wa kushoto hunyweshwa na mshipa mmoja, ateri ya kati ya ubongo. Ni majirani wa bomba tu, na kwa hiyo kupona kwao kunaweza kupishana kabisa.

Kusoma kunaonyesha pande zote mbili zikikutana. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi, muda mdogo mno kwa binadamu kurithi chumba cha herufi. Bado, karibu kila msomaji, awe anasoma kutoka kushoto, kutoka kulia au kwa alama za Kichina, hutumia sehemu ileile chini ya upande wa kushoto wa ubongo, nyuma kidogo ya sikio. Hakuzaliwa nayo ikiwa ya herufi, kajifunza. Lakini kwa sababu ya nyaya zilizopo, zinazotoka machoni na zinazokwenda kwenye usemi, mahali pafaapo ni hapo. Ubongo hujenga upya, ila hujenga juu ya msingi uliokuwepo.

Ukirudi kitandani, kauli mbili za mwanzo zote zinapungukiwa. Ipo tiba ya kufunga mkono usiougua kwenye glovu kwa sehemu kubwa ya siku ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha inasaidia. Lakini waliochukuliwa walipaswa kuwa tayari wanaweza kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole walau kidogo, yaani walikuwa na nyuzi zilizosalia. Kumwambia asiye na nyuzi hizo "jitahidi" ni kumtwika lawama juu ya ugonjwa. Na kumwambia mwenye usemi uliokatika "imekufa hiyo" ni kumfungia mlango ambao huenda uko wazi, kwa sababu lugha huweza kuendelea kurudi hata baada ya miaka.

Kuhusu wimbo, wataalamu bado hawajakubaliana. Wapo wanaosema sauti ya wimbo hushikwa zaidi na upande wa kulia, uliosalimika. Wengine wanasema siri ni mdundo, na maneno yaliyokaririwa hadi yakawa mnyororo, ambayo hayahitaji kutungwa upya kama unavyotunga ombi la maji. Mtaalamu wa matamshi aliyemshika mjomba hakungoja wamalize. Alimfundisha kugonga goti kwa mkono wa kushoto, pigo moja kwa silabi moja, huku akivuta sauti kama anayeimba: ni-pe ma-ji. Mwezi wa tano ombi likatoka lote. Sasa kugonga goti ameacha kwa sentensi fupi, ndefu bado humkwama katikati. Vidole vya kulia havijarudi. Asubuhi mkewe humfunga vifungo vya shati, naye humwambia asante kwa mdomo wake.