Safari ya kisiwa kidogo cha Ugiriki ianze na ratiba ya meli

Wengi wanaotaka kufika visiwa vya Ugiriki kwa mipango yao wenyewe, bila kupitia kampuni ya utalii, huanza na tiketi ya ndege, kisha hutafuta hoteli, na suala la meli huliacha hadi mwisho. Kwa anayekwenda Santorini au Mykonos, ambako kuna viwanja vya ndege na ambako wakati wa joto boti hutia nanga mara kadhaa kwa siku, utaratibu huo pengine haudhuru sana. Kwa anayekwenda kisiwa kidogo kisicho na uwanja wa ndege, naamini mpango huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Huko meli ndiyo inayoamua siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mengine yote, ndege ikiwemo, hayana budi kuifuata.

Nichukue mfano wa Donousa, kisiwa kilichoko mashariki ya Naxos katika visiwa vya Cyclades, chenye wakazi wasiofika 300 na bandari moja iitwayo Stavros. Ni mahali palipojitenga kiasi kwamba mnamo Agosti 1914 manowari mbili za Kijerumani, Goeben na Breslau, zilipokuwa zikiwakimbia Waingereza, zilikuja kujaza makaa ya mawe huko. Leo kuna njia mbili za kufika. Ya kwanza ni meli kubwa inayotoka Piraeus, bandari ya Athens, ambayo hupita Donousa baadhi tu ya siku za wiki. Ya pili ni kwenda kwanza Naxos, safari ya saa tano hadi sita hivi kwa meli kubwa ya kawaida, na huko kupanda meli ndogo iitwayo Express Skopelitis, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiunganisha Naxos, Iraklia, Schinoussa, Koufonisia, Donousa na Amorgos.

Inafaa kuelewa meli hiyo ndogo ipo kwa ajili ya nani. Njia za namna hii haziwezi kujilipa kwa nauli ya wakazi mia mbili au tatu, hivyo serikali ya Ugiriki hutoa ruzuku ili ziendelee kuwepo hata katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo hakuna mgeni hata mmoja. Humo husafiri walimu, wagonjwa, mboga, dawa na vifaa vya ujenzi. Ndiyo maana kwa kawaida meli hiyo huondoka Amorgos alfajiri na kurudi kutoka Naxos mchana: mwenye shida ya daktari au ya benki apate kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Msafiri anayelalamika kwamba ratiba haimfai anasahau kwamba haikupangwa kwa ajili yake, nami naona ni haki isipangwe kwa ajili yake. Tukiisoma ratiba kwa jicho la mkazi, tunaielewa upesi zaidi, na tunaacha kukasirika ikichelewa kutangazwa, jambo ambalo ni la kawaida kwa njia hizi ndogo.

Kisha upo upepo. Katika Julai na Agosti, miezi ambayo wageni ni wengi kuliko wakati wowote, Bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga safi isiyo na wingu. Mtu aliyewahi kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba wakati wa kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa kawaida upepo ukifika nguvu ya 8 katika kipimo cha Beaufort, mamlaka za bandari huzuia meli kubwa zisitoke, na boti za kasi pamoja na meli ndogo huzuiwa mapema kuliko hapo.

Nimesikia wasafiri wakimfokea karani wa tiketi siku ya zuio, na kila mara moyo wangu huwa upande wa karani. Amri hizo zimetokana na maiti. Desemba 1966 meli Heraklion ilizama usiku wa dhoruba ikitoka Krete kwenda Piraeus, na zaidi ya watu 200 wakafa. Septemba 2000 Express Samina iligonga miamba karibu na Paros, na waliokufa hawakupungua 80. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kuliheshimu zuio hilo. Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, ilikuwa meli iliyojengwa Ugiriki mwaka 1967 na kutumika huko kwa miongo kadhaa kabla ya kuuzwa. Laiti afisa mmoja angeizuia gatini usiku ule.

Zuio likitangazwa, abiria ana haki zake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inamruhusu kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kusafirishwa mapema iwezekanavyo bila malipo ya ziada. Gharama za malazi, hata hivyo, kampuni ya meli hailazimiki kuzilipa ikiwa sababu ni hali ya hewa ya hatari. Usiku wa ziada kisiwani utaulipia wewe, kwa hiyo bajeti iwe na fedha yake tangu mwanzo.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya kuna jambo zito zaidi ya fedha. Viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Ugiriki, huandikwa idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Anayeomba siku zilezile za safari yake, bila hata moja ya akiba, anaweza kujikuta amekwama kisiwani kwa sababu ya upepo huku siku za viza zikimwishia. Ni bora kupanga tangu kwenye maombi kwamba usiku mmoja au miwili ya mwisho italalwa Athens, na kuambatisha uthibitisho wa malazi hayo. Mimi ningeondoka kisiwani siku mbili kabla ya ndege, na katika Agosti tatu.

Kuhusu aina ya chombo, ushauri wangu ni meli kubwa ya kawaida. Boti ya kasi huokoa saa moja au mbili, lakini nauli yake ni kubwa zaidi, huyumba sana kwenye mawimbi, na ndiyo ya kwanza kuzuiwa. Tiketi inunuliwe mapema kwa safari za karibu na Pasaka ya Waorthodoksi na Agosti 15, sikukuu ya Bikira Maria, kwa sababu Wagiriki wenyewe hurudi visiwani kwao kwa wingi. Jina lililo kwenye tiketi lifanane na lile la pasipoti.

Tangu Oktoba 2022 metro inakwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Athens hadi Piraeus, kwa muda wa saa moja hivi, na kituo chake kiko ng'ambo ya barabara kutoka mageti ya meli nyingi za Cyclades. Hata hivyo, geti lithibitishwe siku ya safari, maana bandari ni kubwa na baadhi ya mageti yako mbali sana na kituo hicho. Meli nyingi huondoka asubuhi mapema, kabla treni ya kwanza ya uwanja wa ndege haijakuwa na msaada wowote, hivyo anayetua usiku atumie basi la X96, linalofanya kazi usiku kucha, au alale Piraeus. Kwenye visiwa vidogo meli husimama dakika chache tu. Jina la kisiwa chako likitangazwa, teremka mara moja hadi sehemu ya magari, uchukue mzigo wako kwenye rafu na usubiri mlango wa nyuma ufunguliwe.