Sikulia, Ulikuwa Utomvu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia kwamba "kalizwa na mtoto mbele ya wageni", acheni niseme yangu kabla hamjaniundia stika. Mliokwisha kuziunda, nimeziona.

Jana nilikuwa nawatembeza wageni kwenye bustani ya mimea, na nilikuwa nimepanda mzuka. Wimbo wangu wa siku: "Mmea usiutazame sura, utazame nasaba!" Nikawapa mpapai, kwamba vinasaba vimeuweka oda moja (yaani kundi moja la koo za mimea) na kabichi. Wakaguna. Nikawapa lotasi na yungiyungi, wote wa majini, maua yanashabihiana, kumbe lotasi ana undugu wa karibu zaidi na protea, mti wa nchi kavu, kuliko na yungiyungi. Makofi. Ya migunga nikaisimulia kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa shamba: mkutano wa wanabotania wa Vienna, 2005, jina la kisayansi Acacia likaachiwa jamii ya Australia, migunga ya Afrika ikahamishiwa Vachellia na Senegalia. Hapo ndipo ningeaga.

Badala yake nikavua kofia, nikaitundika kwenye kijiti kilichokuwa jirani, nikageukia mmea mnene wa kijani, una mbavu na miiba.

"Na huyu ni kaktasi, mzaliwa wa Amerika. Ndani ni maji matupu. Tazameni." Nikatoa kisu.

Twende polepole hapa, tafadhali. Kisu kikazama. Mkono wa pili nimeuinua juu kama mwanamazingaombwe. Likachungulia tone moja. Jeupe. Nikalitazama, likanitazama. Likaja la pili. Halafu ukafunguka mfereji, mweupe pe, ukateremka kwenye ubavu wa mmea hadi viganjani mwangu. Kundi zima kimya.

"Haya ni..." nikakohoa, "haya ni maji yaliyokomaa."

(Ndiyo, nilisema hivyo. Video anayo yule yule rafiki.)

Kasauti kakatoka mbele: "Samahani anko, kaktasi si hutoa miiba kwenye vivimbe vyenye manyoya? Hii imetoka miwilimiwili, na ina maziwa. Si yuforbia hii, ndugu yake mnyaa na muhogo?"

Yaani koo mbili tofauti, kila moja imehangaika na ukame kivyake hadi zikaishia kuvaa sare moja, na mimi mhubiri wa nasaba nimesalimia sare!

Jasho likanichuruzika. Nikajifuta jicho. Kwa mkono ule ule.

Hayo ndiyo machozi mliyoyaona. Utomvu wa yuforbia jichoni, jamani, hata adui msimwombee. Yaliyobaki ni mafupi: bomba, maji mengi, daktari, matone, kitambaa jichoni. Ziara aliimalizia mtoto, na nasikia alipata makofi kunizidi.

Leo nimerudi kuchukua kofia yangu. Nimeiinua kwenye kile kijiti, na chini yake kuna kibao. Kwa jicho langu moja nikasoma: Euphorbia.