Kinywaji kimoja ndio nini, dada?

Niliwahi kupata kibarua cha udodosaji kwenye utafiti mmoja wa vijana, ulevi na afya ya akili hapa Iringa. Tukapewa semina ya siku mbili, fulana, kishikwambi, na posho iliyochelewa (hiyo nayo ina habari yake). Siku ya tatu nikawa Ipogolo kwenye kijiwe cha bodaboda, nimekalia kreti la soda, mbele yangu kijana wa miaka kama 22.

Nikasoma swali kama lilivyo: siku unayokunywa, kwa kawaida unakunywa vinywaji vingapi?

"Kinywaji kimoja ndio nini, dada?"

Nikamsomea maelezo: ni kipimo chenye gramu 10 za kilevi halisi. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Yeye hakucheka, alitaka kunisaidia kwa dhati. Ulanzi (pombe ya utomvu wa mianzi) wa saa ngapi, akauliza. Uliotoka kugemwa ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Ukilala unakuwa mkangafu, na lita ile ile inakulaza chini. Halafu nani anakunywa peke yake? Kopo linazunguka watu wanne. Nikaandika 4. Mpaka leo sijui ile nne ilikuwa ya nini.

Dodoso lenyewe la ulevi, AUDIT la Shirika la Afya Duniani, si la kubeza. Maswali yake ni 10, na lilipotengenezwa lilijaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Kosa ni letu sisi tuliolishusha Ipogolo bila kukaa kwanza na mama muuza ulanzi tukapima ujazo wa kopo lake. Tena tulikwenda Septemba, na tulikuwa na maswali ya siku 30 zilizopita. Ulanzi ni wa mvua! Septemba barabara za Kilolo zinapitika na bajeti ipo, ila mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, ni kavu. Ukisoma mahali kwamba vijana wa huku wamepunguza ulanzi, uliza kwanza waliulizwa mwezi gani.

Tukaja kwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. "Sonona sina," akasema, "mawazo ndiyo ninayo." Kwa anayeijua lugha hii hapo amejibu ukurasa mzima. Pikipiki ya mkataba ilikuwa imebaki miezi mitatu iwe yake. Akaumwa, hesabu ya tajiri ikalala wiki mbili, pikipiki ikachukuliwa. Sasa anaendesha ya mwenzake usiku. Bangi alianza baada ya hapo, anasema, ili apate usingizi mchana. Kwenye kishikwambi nilikuwa na kisanduku cha "ulianza ukiwa na umri gani". Cha "kabla ya hapo ulikuwaje" hakikuwepo.

Hicho kisanduku kisichokuwepo ndicho kinachonikera. Huku kwetu kijana akianza kuongea peke yake majibu ni mawili tu, karogwa au bangi imempanda kichwani. Jibu la pili lina ukweli ndani yake, sitaki mtu anisome vibaya. Waswidi waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970, na miaka 15 baadaye waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walikuwa wamepata skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona visivyokuwepo, karibu mara sita kuliko wasiovuta. Lakini angalia walichofanya watu wa Dunedin kule New Zealand. Wao wana watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973, na wanawafuata hadi leo. Waliokuwa wameanza bangi kufikia miaka 15 walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za skizofrenia wakifika 26. Ila baadhi yao walikuwa wakisikia na kuona visivyokuwepo tangu wana miaka 11, na hesabu ilipowazingatia hao, ile hatari ikapungua. Wangelijuaje hilo kama wasingewauliza wakiwa na miaka 11?

Sisi tunapiga picha moja tunaondoka. Ndani ya picha kuna kijana, kuna kopo, kuna mawazo, na kila msomaji anapanga mwenyewe kipi kilitangulia. Mzee wa kanisa anaanza na kopo. Mimi, nikimkumbuka yule wa Ipogolo, naanza na pikipiki.

Nitaambiwa kufuatilia watu ni gharama. Ni kweli, na bodaboda leo yuko Ipogolo, kesho Makambako, keshokutwa Tunduma na laini nyingine ya simu. Ndiyo maana tunapenda wanafunzi wa vyuo: wamekaa darasani, wanajua kusoma, wanamaliza dodoso kwa dakika 20. Halafu tunaandika "vijana". Kwa maoni yangu, bora vijana 60 wa vijiwe, wanaotafutwa kila mwaka kwa miaka mitano, kuliko 600 wa ukumbini siku moja.

Swali la mwisho la dodoso la sonona linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ungekufa. Akasema, "siku nyingine," kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akiangalia kama kuna abiria. Utaratibu ulikuwa nimpe karatasi ya rufaa. Nikampa. Akaikunja mara nne akaiweka chini ya kava la simu, akaniuliza kama huko kuna nauli. Haikuwepo. Akauliza na sisi tunarudi lini.

Februari, mvua zimekolea, nilipita Ipogolo kwa shughuli zangu. Kreti lile lile lilikuwepo. Wenzake wakasema alishaondoka, kaenda Mafinga kwenye mbao, na laini amebadilisha. Namba yake ya zamani niliichukua mimi mwenyewe siku ile, ilikuwa kwenye kishikwambi, na kishikwambi nilikirudisha ofisini Oktoba.