Kikao cha Pili Hufanyika Chini ya Mkorosho

Jumatatu iliyopita hapa Utrecht, katika kile kikao chetu cha asubuhi ambacho watu hukifanya wamesimama ili kisizidi robo saa, kijana aliyeajiriwa mwezi mmoja tu uliopita alimwambia mkuu wa mradi, mbele yetu sote, kwamba tarehe aliyoipanga haitawezekana kwa sababu programu tunayoitengeneza bado inachanganya majina ya wagonjwa. Niliinamisha macho nikisubiri radi. Mkuu akasema asante, akabandua karatasi ya njano ubaoni, akairudisha safu moja nyuma, na kikao kikaendelea. Hakuna aliyesema kijana yule hana adabu. Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa dakika kadhaa bila kugusa kazi, nikiiwaza Newala, kule kwetu Mtwara.

Watakaosema nimeanza tena majivuno ya watu wa ughaibuni ninawafahamu, na baadhi yao ni ndugu zangu wa damu. Basi nikiri kwanza kwamba Waholanzi nao wanachosha. Kikao chao hakina salamu. Siku ya kwanza nilipowauliza wameamkaje, walinitazama kama mtu aliyekosea mlango. Wana vikao vya kupanga vikao, na wanaweza kubishana asubuhi nzima kama kazi iende kwa mtindo wa skramu, yenye mizunguko mifupi isiyozidi mwezi mmoja, au kwa ule wa kanbani, iliyotokana na viwanda vya Toyota huko Japani, ambayo huweka kikomo cha kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja. Ubishi huo haunisumbui sana. Kwa daraja au jengo, mpango wa hatua kwa hatua hauna ubaya, maana huwezi kumwaga zege la ghorofa kabla ya msingi. Kwa programu ambayo mtumiaji hajui anachokitaka mpaka akione, mizunguko mifupi ni afadhali. Wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 wakaandika ilani ya Ajaili, yaani ya namna nyepesi ya kutengeneza programu, waliwatanguliza watu na maelewano yao mbele ya taratibu na zana, ila wengi wetu huruka maneno hayo tukakimbilia ubao na karatasi za rangi. Mimi ninapouangalia mradi wowote, huuliza jambo moja tu: habari mbaya husemwa wapi?

Kwetu husemwa kikao kikishakwisha. Kabla sijaondoka nilikuwa karani wa mradi mmoja wa maji kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na wasomaji wa Newala na Tandahimba sina haja ya kuwaeleza ndoo ya maji ilitoka wapi wakati huo na ilipanda kwa kichwa cha nani. Tulikuwa na mgeni rasmi, itifaki ikazingatiwa mpaka tukasahau tulichoitiwa, ratiba ya rangi ikabandikwa ukutani, makofi yakapigwa. Baada ya kusaini posho tukasogea chini ya mkorosho uliokuwa nyuma ya ofisi, tukaagiza chai na mihogo, na hapo ndipo kikao chenyewe kilipoanza. Mzee mmoja, fundi wa pampu, akasema kwa sauti ya chini, "Mota hii haiupandi mlima ule." Msaidizi wa mhandisi akaafiki, akaongeza hata sababu zake. Wote wawili walikuwa wamepiga makofi saa moja tu kabla. Nami niliporudi ndani kukamilisha muhtasari, niliandika kwamba wajumbe waliridhika na mpango. Maji yalifika nusu ya mteremko, yakaishia hapo.

Najua jibu litakalokuja: huo ni utamaduni wetu, mdogo hambishii mkubwa. Silikubali hata kidogo, na ushahidi wangu si wa Ulaya. Nani asiyekumbuka Oktoba 2018, wakulima wa Tandahimba na Newala waliposomewa bei za wanunuzi wa korosho mnadani wakazikataa hadharani, viongozi wakiwa wamekaa pale pale? Hakuna aliyengoja kwenda kunong'ona chini ya mti. Watu wale wale, na pengine fundi yule yule aliyenyamaza kwenye kikao changu, wana ndimi zinazotosha kabisa. Tofauti ni kwamba korosho zilikuwa zao, magunia yao, jasho la msimu wao na salfa waliyoihangaikia wenyewe, ilhali mradi wa maji ulikuwa wa "wafadhili", na hakuna anayependa kuharibu sherehe ya mwenzake, hasa ikiwa na posho.

Yupo pia atakayefurahi kupita kiasi na kusema Wazungu ndio wanaojua kusikilizana. Huyo na aende Nachingwea akaulize habari za mpango wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliuanza mradi mkubwa ajabu bila kulima kwanza shamba la majaribio la maana, wakajenga bandari yetu ya Mtwara na reli iliyokuja kung'olewa baadaye, na mwaka 1951 serikali yao ikaufuta ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Hao nao ni watu wa Ulaya hii hii. Kwa hiyo sizungumzii rangi ya ngozi wala elimu. Nazungumzia mpangilio mdogo tu, kwamba katika timu yetu mgeni wa kazi huzungumza mwanzo na mkuu mwisho, kabla mtu hajajua mkubwa anataka kusikia nini. Mpangilio huo hauhitaji mfadhili.

Jioni ile ile nilimpigia simu yule mzee, ambaye sasa amestaafu na anaangalia mikorosho yake. Baada ya salamu ndefu, zile ambazo Utrecht hawazijui, nilimuuliza kwa nini siku ile hakusema ndani ya kikao. Alinyamaza kidogo, nikasikia jogoo upande wake wa simu.

"Nilikuambia wewe, mwanangu," akasema. "Kalamu ulikuwa nayo wewe."