Sikuagiza Meza

Kabla hamjaendelea kunitumia picha za samani, naomba na mimi nisikilizwe.

Yule mtani wangu anayefundisha kutupa tufe ameniwahi. Ndege haijatua, sauti yake ya dakika tatu ilikuwa imeshazunguka makundi yote: la makocha, la mtaa, hata lile la harusi ya mpwa wangu ambalo mpaka leo sijui nani alimwingiza. Anasema nilisimama jukwaani Mauritius, mashindano ya riadha ya Afrika, nikaagiza meza. Waliofuata wakaongeza chumvi: ya watu sita. Jana muuza kahawa kaniuliza kama ni ya mbao au ya plastiki.

Basi ngoja niwape ukweli. Nawatahadharisha tu kwamba ukweli ni mbaya kuliko uongo wa mtani.

Kijana wangu mnamjua, yule wa mita 200. Jina silitaji, mama yake kanikataza. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza kupanda ndege, na mimi ya kwanza kuvaa kile kitambulisho cha shingoni kilichoandikwa kocha. Nilikuwa nalala nacho. Uwanja wa Côte d'Or uko juu huko Saint Pierre, na mwezi wa Juni kwao ni baridi yenye upepo na manyunyu, kwa hiyo mimi mtu wa pwani nikawa najifunga kikoi shingoni kama mgonjwa wa mafindofindo. Kikoi hicho mkikumbuke, kina kesi yake.

Mchujo wetu ulikuwa wa tatu. Kijana akatoka vizuri, akaipiga kona vizuri, mita 60 za mwisho akaanza kuangalia wenzake kama mtu anayetafuta ndugu kwenye stendi ya basi. Akawa wa nne. Sekunde 21.41.

Sasa kwa wasiojua: watatu wa kwanza wa kila mchujo wanapita bila maswali, mbele ya majina yao inawekwa Q kubwa. Nafasi chache zinazobaki wanapewa waliokosa lakini wana muda mzuri, hao wanawekewa q ndogo. Kijana alikuwa ameshika nafasi ya mwisho kabisa ya hizo ndogo, na michujo miwili ilikuwa haijakimbia. Mwenye akili angekaa kitako dakika kumi na tano akangoja. Mimi nikatoa simu nikapiga hesabu, nikaangalia orodha ya waliobaki na muda wao bora, nikahitimisha: tumetoka. Siku chache kabla tulikuwa tumewaona Omanyala wa Kenya na Simbine wa Afrika Kusini wakimaliza mita 100 kwa 9.93 kila mmoja, picha ya mstari wa mwisho ikamkabidhi Omanyala dhahabu kwa tofauti ndogo kuliko unywele. Yaani nilikuwa nimeonyeshwa wazi kwamba mchezo huu hauhesabiwi kichwani. Na bado nikahesabu.

Kijana naye midomo imeanza kutetemeka. Huruma ikanishika. Nikamwambia, "Njoo mwanangu, twende tukale."

(Mama yake, kama unasoma, hapa ndipo penyewe. Sina utetezi.)

Nje barabarani kulikuwa na jamaa ana pikipiki, nyuma kafunga sanduku la kioo, anauza dholl puri. Jamani. Ni kama chapati, lakini laini, ndani imetiwa dengu za kusagwa, inapakwa mchuzi wa maharage mapana, rojo la nyanya na pilipili, inakunjwa, unapewa kwenye karatasi. Zinauzwa mbili mbili. Na pembeni kuna alouda, maziwa baridi yenye mbegu za rihani zile zinazoteleza. Ni faluda yetu ile ile, imehama tu nyumba. Wiki tatu nilikuwa nimemlisha huyu mtoto wali mweupe, ndizi na maji. Alipouma ile ya kwanza alifumba macho.

Akala jozi mbili. Akanywa alouda bilauri mbili. Akaomba soda. Nikasema agiza, leo ni siku yako.

Yuko kwenye jozi ya tatu, simu ikalia. Ujumbe wa mkuu wa msafara: "Kocha mko wapi kijana ana q."

Nikadhani vidole vimemteleza. Nikajibu, "Ana nini?"

"q NDOGO. JIONI ANAKIMBIA."

Kumbe tulipogeuza mgongo upepo nao uligeuka. Michujo miwili ya mwisho ikakimbia na upepo wa usoni, vijana wakawa kama wanasukuma ukuta, muda wao ukaoza wote. Na upepo haulipwi fidia, saa inaandika inachokiona. 21.41 yetu ikasimama pale pale, ya mwisho, imepita.

Niliinua kichwa. Kijana ananiangalia, nusu ya dholl puri iko mkononi, nusu shavuni. Nikamwambia taratibu, kama unavyomwambia mtu ana nyoka begani: "Usitafune tena." Akameza.

Ilikuwa saa nane mchana. Nusu fainali saa kumi na moja na ushei.

Wako watakaosema ningemtapisha. Nilifikiria. Lakini kumtia mtoto wa watu vidole kooni kando ya barabara ya nchi ya watu, nimevaa kitambulisho cha timu ya taifa, sikuweza. Nikamlaza chini ya mti kwa ubavu wa kushoto, nikamwombea.

Kwenye uwanja wa kupasha moto ndipo ikaanza. Mbio ya kwanza nyepesi, sawa. Ya pili, katikati, nikaona kifua kinaruka. *Hik.* Akasimama, akanigeukia na macho ya mbuzi wa Idi.

"Mwalimu. Kwikwi."

Soda, pilipili na baridi, tumbo limejaa mpaka linasukuma kiwambo cha chini ya kifua. Nikamwambia abane pumzi: *hik.* Nikamnywesha maji ameinama, yakatokea puani. Nikamwambia kuna mtu nyumbani anamtaja, ajaribu kukisia ni nani. Akataja ukoo mzima, *hik* kwa kila jina. Pembeni kocha mmoja wa kigeni anamkanda misuli mwanariadha wake kwa mashine inayounguruma kama kinyozi, na mimi niko hapa nahesabu mashangazi.

Hapo akili ya kisomo ikaniaga, ikaja ya bibi yangu. Mtoto mchanga akishikwa na kwikwi anafanywa nini? Nikachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kikoi, nikautia mate, nikambandika kijana kwenye paji la uso. Mnacheka. Umekulia wapi wewe ambaye hukubandikwa? Na niwaambie, ilinyamaza! Dakika mbili kamili hakuna kitu. Wakati huo huo wakaita nusu fainali yetu, kijana akakimbilia chumba cha wito, furaha ikanipofusha.

Uzi akaenda nao.

Chumba cha wito, kwa wasiokijua, ni kama uhamiaji. Kocha huingii. Wanakagua namba ya kifuani, urefu wa misumari ya viatu, nembo kwenye begi, simu zinabaki. Kijana ananiambia mama mmoja wa miwani alisoma namba yake, akakagua viatu, kisha akainua macho yakagota pale pajini. Akauliza hicho ni nini. Kijana, Kiingereza kimemkimbia, akajibu neno moja tu lililokuwepo karibu: "Kocha."

Mama akaubandua uzi kwa kucha mbili. Na kwikwi ikarudi.

Haya. Sasa tufike penyewe.

Tulipewa njia ya 1. Ndiyo wanayopewa wenye muda dhaifu: kona kali kama kona ya ngazi, na mbele yako wamepangwa wote saba unawaona migongo. Mimi nilikwenda kukaa jukwaani karibu na kona ya kuanzia. Kulia kwangu kocha mmoja Mkongomani, mtu mzima mpole, tumeamkiana vizuri. Nyuma yangu, kwa bahati yangu, mtani wa tufe. Mapajani nina karatasi yenye dholl puri mbili zilizobaki. Msiniulize kwa nini sikuzitupa. Nimelelewa hivyo.

Wakaitwa kwenye alama zao. Kijana akapiga goti. *Hik.* Naiona kutoka jukwaani, mabega yanaruka kidogo. Nilikuwa nimeshazipima kwa saa yangu ya mkononi, ile ya kupimia mbio: moja kila sekunde saba. Nikaanza kuhesabu. Moja. Wa njia ya 5 bado anapapasa vibao vyake vya miguu. Mbili. Wa njia ya 7 anafuta jasho ambalo halipo. Tatu. Nne. Nikasema moyoni, amri ya kukaa tayari ikitoka sasa, bastola italia kabla ya saba, tumepona. Mwanzishaji akaangalia mstari mzima bila haraka, kama mtu anayechagua tikiti maji. Tano.

"Set."

Viuno vinane vikapanda. Uwanja ukanyamaza. Huo ukimya wa kabla ya bastola ni mwingine kabisa. Nilisikia manyunyu yakidondoka kwenye karatasi yangu ya dholl puri.

Sita.

Mjue sheria. Tangu 2010 hakuna onyo: ukichomoka kabla ya bastola, au hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haijapita baada yake, kadi ya nyekundu na nyeusi, kwaheri. Vibao vina vihisio, vinasoma mguu unavyosukuma. Kwikwi ingemrusha, mguu ungesukuma, na hakuna kipengele kinachosema "isipokuwa kocha wake alimnunulia soda." Nikamwona kijana shingo inavimba. Anaibana. Mishipa imemtoka. Nikaona kifua kinaanza kupanda, taratibu, kama maziwa kwenye sufuria yanapotaka kumwagika, na wewe uko sebuleni.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Wallahi sikuuagiza.

"MEZAAAAA!"

Sauti hiyo nimezoea kuitumia kutoka upande wa pili wa uwanja wetu wa vumbi, kushinda mbuzi na adhana. Katika ukimya ule ilikwenda, ikagonga jukwaa la pili, ikarudi, nikaisikia tena mwenyewe. Wa njia ya 5 akachomoka mita kumi. Wa njia ya 3 akapiga magoti. Wengine wakainuka mmoja mmoja, wakageuka. Mwanzishaji akashusha bastola. Hakugeuka haraka. Alianza na kichwa, halafu mabega, halafu mwili wote ukanielekea mimi.

Kisha mwamuzi akatoka na kadi ya kijani, maana yake kosa si la wakimbiaji. Akaenda kumwonyesha wa njia ya 1. Akatembea akamwonyesha wa 2. Mmoja mmoja mpaka wa 8. Mara nane nchi nzima inaambiwa: si huyu, si huyu, si huyu. Na alipomaliza wa nane, kila mtu akaanza kutafuta ni nani sasa, na skrini kubwa ikawasaidia. Nilijiona. Kikoi shingoni kinafumuka uzi mwekundu, mdomo bado uko wazi, mikono miwili imekumbatia chapati.

Yule Mkongomani akaniinamia, kwa upole kabisa, kwa Kiswahili chao kizuri, akauliza: "Papa, meza ya nini?"

Nyuma yangu nikasikia mtani anadondoka kwenye kiti.

Kwa hiyo nasema kwa mara ya mwisho, kwa herufi ndogo na kubwa: ilikuwa meza ya kumeza. Kitenzi. Meza mate, meza kwikwi, meza aibu yetu sote. Si samani.

Akaja kijana wa usalama akaniomba nimfuate. Mbio zilizofuata nilizisikiliza kutoka kwenye korido nikiwa nimeegemea mashine ya kuuzia maji. Bastola ikalia mara moja, safi. Kelele zikapanda, zikashuka, zikaisha. Wa sita, 21.19, muda wake bora tangu azaliwe, na fainali hatukwenda. Aliniambia kwikwi ilikata palepale nilipopiga ukelele, kwa hofu. Baada ya hapo alitapika kwenye ndoo, akaomba radhi kwa ndoo. Mkuu wa msafara anataka maelezo ya maandishi ukurasa mmoja. Niko kwenye wa tatu.

Juzi mama yake akanialika chakula cha mchana kwa ajili ya hiyo 21.19. Nikashukuru, nikasema walau nyumba hii wananiheshimu. Miaka minne nakula kwa yule mama, na siku zote ni mkekani, sinia moja katikati, tunanawa kwa birika. Nikabisha hodi, nikavua viatu, nikaingia.

Mkeka umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Katikati ya chumba kuna meza. Ya plastiki, nyekundu, ya kuazima kwenye kibanda cha soda cha jirani, imefunikwa kitambaa cha maua, na kiti kimoja tu.

"Karibu Mwalimu," akasema, hacheki hata kidogo. "Tulisikia ulikuwa unaitafuta."

Kijana alikuwa jikoni. Nilimsikia anavyojizuia, halafu nikasikia *hik.*