Programu yako ya kwanza iandike kwa mkono

Kijana akinunua mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kufuata maagizo ya namba, ushauri anaopewa kwanza ni kupakua programu ya kuchora kwenye kompyuta. Mimi nasema kompyuta isubiri. Atafute daftari na kalamu, aandike mwenyewe maagizo ya mashine.

Yangu ni ya aina inayoitwa 3018, yaani meza yake inafanya kazi kwenye eneo la milimita 300 kwa 180. Niliifunga kwenye kibanda nyuma ya nyumba, hapa Dar es Salaam, juu ya meza ya mninga niliyoikaza ukutani kwa boliti. Uzito wa meza ni jambo kubwa. Mashine nyepesi ikiwa juu ya meza nyepesi hutetemeka, na kila mtetemo huonekana kwenye alumini kama mawimbi. Waya wa ethi niliuhakikisha kabla ya kuwasha chochote.

Kilichonichukua siku nyingi ni kuinyoosha. Waashi wanajua kona ya msingi hupimwa kwa tatu, nne, tano, na mashine nayo unaweza kuipima hivyo hivyo. Nililiambia biti, yaani chuma kinachozunguka na kukata, litoboe kitone kwenye sifuri, kingine kwenye X80, yaani milimita 80 kwa upande mmoja wa meza, kingine kwenye Y60, milimita 60 kwa upande wa pili. Kona ikiwa skwea, umbali kati ya vitone viwili vya mwisho ni milimita 100 kamili. Kalipa ilisoma 100.6. Nikalegeza fremu, nikagonga kidogo kwa nyundo ya mpira, nikakaza, nikatoboa upya. Mara ya nne ilikubali. Biti nalo lazima lisimame wima juu ya meza. Nilikunja kipande cha waya, nikakifunga mahali pa biti, nikakizungusha kwa mkono huku nikiangalia kama ncha inagusa karatasi kwa uzito uleule pande zote nne. Hakuna programu ya kompyuta itakayokufanyia kazi hiyo.

Sasa daftari. Lugha ya mashine hizi, G-code, ina maneno machache kuliko watu wanavyodhani. G21 ni kwamba tunapima kwa milimita. G90 ni kwamba kila namba inahesabiwa kutoka sifuri. G0 ni nenda haraka bila kukata, G1 ni nenda taratibu ukikata, na F ni mwendo kwa dakika. M3 huwasha mota ya biti, M5 huizima. Kwa hayo tu unachonga mraba. Niliandika mistari kumi na miwili, nikaisoma kwa sauti huku kidole kikitembea juu ya kipande cha alumini kama ndiyo biti. Kidole kilipopita juu ya klampu nilijua nimesahau kupandisha Z, yaani kuinua biti.

Hata mwendo niliuhesabu kwenye daftari. Biti la meno mawili likizunguka mara 8,000 kwa dakika, na kila jino nalitaka likate 0.02 ya milimita, basi 8,000 mara 2 mara 0.02 ni milimita 320 kwa dakika. Nikaanza na 300, kina cha 0.2 kila awamu, na tone la mafuta ya taa kwa brashi ili alumini isigande kwenye meno. Chenga zilitoka kavu, zinang'aa. Kwenda polepole mno si usalama, kwa sababu jino linasugua badala ya kukata, linapata moto na kuisha makali.

Siku moja nilitaka mfereji wa milimita 50, awamu tatu, kina 0.2, 0.4, 0.6. Kwa haraka niliandika G91 badala ya G90. G91 huhesabu kila hatua kuanzia pale biti lilipo. Awamu ya pili biti lilizama tu bila kusogea, kwa kuwa niliandika lirudi X0, na X0 kwa hesabu hiyo ni kubaki ulipo. Ya tatu ilizama hadi 1.2 na kuondoka nje ya mfereji. Biti likavunjika, kipande kikaruka na kunigonga kwenye miwani. Miwani ilikuwepo, namshukuru Mungu. Nilifungua daftari, na kosa nililiona ndani ya dakika moja, kwa sababu kila mstari ulikuwa wangu. Faili iliyotengenezwa na kompyuta ina mistari maelfu. Anayeanza ataitazama na kuilaumu mashine.

Kuna na suala la umeme. LUKU iliisha katikati ya kazi ya saa nzima. Mota za mashine hizi huenda kwa hatua, 200 kwa mzunguko mmoja, na hazina kumbukumbu. Umeme ukirudi hazijui ziko wapi. Tangu siku hiyo sifuri yangu naiweka kwenye kona ya jiliwa, sehemu isiyoliwa na biti. Umeme ukikatika narudisha biti pale kwa kipande cha karatasi ya kufotokopia, ambayo unene wake ni karibu 0.1, kisha naendelea na mstari nilioachia. Units nazo naziangalia kabla ya kubonyeza kitufe.

Programu za kuchora sizikatai. Kibao cha jina chenye herufi za mviringo siwezi kukiandika kwa daftari, na sasa hivi natumia kompyuta kila wiki. Lakini kila faili inayotoka naifungua, nasoma mistari ishirini ya mwanzo, natafuta G21, G90, na Z inayopanda kabla ya X kutembea. Mpwa wangu ameanza kuja Jumamosi. Glavu nimemwambia azivue, biti linalozunguka hushika kitambaa na kuvuta mkono. Kisha nimempa kalamu. Mraba wake wa kwanza una upande wa milimita 40, na bado hajaruhusiwa kuwasha.