"Obviously" ya mchezaji na "obviously" ya mkubwa

Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ikiisha, mchezaji akisogezewa kipaza sauti jasho halijamkauka, neno la kwanza kumtoka mara nyingi ni "obviously", yaani "ni dhahiri". Obviously tumefurahi kupata pointi tatu. Obviously kipindi cha kwanza tulizidiwa. Pale kibanda umiza watu hucheka, na Waingereza wenyewe wamelifanya neno hilo kichekesho chao: eti mchezaji hana la kusema, anajaza nafasi tu.

Mimi niko upande wa mchezaji. Ameulizwa jambo ambalo muulizaji ameliona, watazamaji wameliona, hata aliyefika dakika ya 80 ameshasimuliwa. Akijibu kavukavu kwamba walizidiwa, atasikika kama mtu anayeleta habari mpya. "Obviously" yake ni adabu: najua mmeona, nalirudia kwa kuwa mmeniuliza. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa "kama mlivyoona" au "kama mnavyojua", na sijasikia mtu akimcheka mwenyekiti wa kamati ya harusi anapofungua kikao hivyo. Tena mchezaji analitumia kwa haki hata ukilirudisha kwenye asili yake ya Kilatini, "ob" na "via". Ni jambo lililokaa njiani, unakutana nalo bila kulitafuta.

Matumizi ya pili ndiyo wengi wetu hatukufundishwa. Shuleni tuliambiwa maana yake ni "dhahiri" au "bila shaka", tukasonga mbele. Sasa msikilize Mwingereza aliyebisha hodi kwa jirani asijibiwe, akageuka akakuta na gari halipo: "They've obviously gone out." Hakuwaona wakitoka. Angewaona, angesema wametoka, basi. Neno limeingia kwa sababu hakuona, anasoma dalili. Kiswahili hapa kingesema "watakuwa wametoka". Kwa hiyo neno linalojifanya la uhakika linajitokeza pale uhakika ulipopungua kidogo! Na "bila shaka" yetu ina tabia hiyohiyo: "bila shaka umechoka" anaambiwa mgeni aliyeshuka basi sasa hivi, ambaye hajafungua mdomo kusema amechoka. (Usilichanganye na "apparently", ambalo kwa sura ni kama ndugu yake. Lile ni "inasemekana", na mara nyingine ni "eti" kabisa. Ukilitumia kutilia mkazo hoja yako, Mwingereza atadhani huiamini.)

Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na "obviously" ya tatu, ya mwenye cheo, ya kitabu, ya mtaalamu aliyeshika chaki. Hii haikubali kwamba msikilizaji anajua, wala haisomi dalili. Inawekwa pale hoja ilipotakiwa kuwekwa, na inamtishia anayetaka kuuliza: usipoliona hili, tatizo ni wewe.

Mmarekani Nathaniel Bowditch aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyetafsiri kwa Kiingereza kazi kubwa ya Laplace, mwanahisabati Mfaransa, kuhusu mwendo wa sayari, mabuku manne yaliyotoka Boston kati ya 1829 na 1839. Anakumbukwa kwa kusema kwamba kila alipofika mahali Laplace alipoandika kuwa jambo fulani ni wazi, alijua ana saa nyingi za kazi ngumu mbele yake kuziba pengo. Na huyo alikuwa bingwa wa hesabu. Mwanafunzi wa kawaida akifika hapo hunyamaza, akanakili ubaoni.

Tena si kwamba jambo la wazi haliwezi kudaiwa uthibitisho. Chora mstari unaozunguka na kurudi ulipoanzia bila kujikata. Una ndani na una nje, nani asiyeona? Mwanahisabati Bernard Bolzano wa Prague ndiye aliyesema kwamba hata hilo linahitaji kuthibitishwa. Mfaransa Camille Jordan akatoa uthibitisho wake mwaka 1887, wenzake wakaukosoa, na Oswald Veblen akaja na mwingine mwaka 1905. Hakuna aliyewaambia watu hawa "obviously" wakatosheka.

Kwetu neno hili lina pacha wake, na kila aliyeandika insha anamfahamu: "ni ukweli usiopingika kwamba". Kinachofuata baada yake mara nyingi kinapingika asubuhi na jioni. Mfano ninaokutana nao zaidi, siku hizi hata na "obviously" yenyewe ikiwa imechomekwa katikati ya Kiswahili, ni huu: obviously huwezi kufundisha sayansi kwa Kiswahili. Anayesema hivyo, kama ni Mtanzania aliyepita shule ya msingi ya serikali, huenda alijifunza sayansi kwa Kiswahili darasa baada ya darasa. Shule hizo zinafundisha hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Usanisinuru alielezwa akaelewa. Alipofika kidato cha kwanza lugha ikabadilika, na wengi wetu tunajua jinsi darasa zima lilivyokuwa kimya miezi ile.

Inawezekana ana hoja. Vitabu vya juu ni vichache, istilahi nyingine hazijazoeleka, kuna walimu waliosomea kwa Kiingereza na hawataki kuanza upya. Hizo ni hoja, na kila moja ina jibu lake na gharama yake, tunaweza kukaa tukabishana nazo mpaka chai ipoe. Ila alete hizo. Alipoanza na "obviously" alikuwa ameshaufunga mjadala kabla sijavuta kiti, na mimi siku hizi swali langu kwake ni fupi: dhahiri kwa nani?